Mafuta Yaliyokuwa Chini ya Viazi vya Hulda

Haya ninayoandika hutayaamini, na ukiyaamini nitakushangaa, maana hata mimi niliyekuwepo huwa nasita. Lakini mimi nimefika darasa la nne, tena la nne la misheni, na mtu wa namna hiyo hadanganyi ovyo. Anachagua.

Mpwa wangu Hulda alirudi Njombe kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga akiwa mjane, na sanduku la bati, na nia moja tu kichwani: kulima kinyungu cha baba yake. Kinyungu, kwa ninyi msioijua baridi yetu, ni bustani ya bondeni, penye unyevu, inayolimwa kiangazi wakati huko juu kumekauka. Mwenye kinyungu hali njaa. Asiye nacho hupenda sana kusalimia majirani saa ya chakula.

Ila baba yake, shemeji yangu Nikodemo, alikuwa amekwisha kufa, na kinyungu alimwachia mwanawe Gideoni. Hulda yeye aliachiwa mafuta.

Ndiyo, mafuta. Usicheke bado.

Miaka ya nyuma Mzungu mmoja mpima mawe, aliyekuwa akielekea Ludewa kutafuta makaa ya mawe, alipita pale bondeni. Maji ya mfereji wa kinyungu yalikuwa na utando unaong'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa. Mzungu akainama, akachovya kidole, akanusa, akasema, "Hm." Kisha akaenda zake na nyundo yake. Kwa ile "Hm" Nikodemo aliishi tajiri mpaka kufa. Hakununua kitu, lakini alitembea mikono nyuma.

Na haki ya kugawa alikuwa nayo. Kwetu mianzi ina mwenyewe na shamba lina mwenyewe. Unaweza kurithi mianzi iliyosimama katika shamba la ndugu yako. Utapita asubuhi na jioni kugema ulanzi wako, yaani pombe ya mianzi, ila ukikanyaga mazao yake umevunja desturi. Nikodemo akaona, kama ulanzi wa juu unagawika, mafuta ya chini yanashindikana nini?

"Mjomba," Hulda akaniambia, "nitakula mafuta mimi? Nataka kinyungu."

"Uza mafuta, upate kinyungu. Ila kwanza tujue thamani yake," nikasema, maana neno "thamani" nalipenda.

Akajaza chupa maji ya ule mfereji, akapanda lori hadi Makambako kwa Alfonsi, muuza mafuta ya taa. Alfonsi akamimina kwenye kibatari, akawasha. Utambi ukalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ukazima. Alfonsi, ambaye hapendi kukubali kwamba kuna mafuta asiyoyajua, akakuna kidevu akasema, "Haya bado mabichi."

Hulda aliporudi alisema hivyohivyo, bila kuongeza neno. Kuongeza nilimsaidia mimi.

Mabichi! Kitu kibichi si ni kitu kitakachoiva? Gideoni, ambaye mpaka siku hiyo aliuita urithi wa dada yake "moshi wa baba", akaanza kudamkia bondeni na kuusemesha mfereji.

Basi nikamwita Nahumu wa huko Wanging'ombe. Mtu akiuza mianzi, Nahumu ndiye anayeonja ulanzi wake na kutaja thamani, na akitaja hakuna wa kubisha. Mafuta alikuwa hajawahi kupima, lakini kazi ni kazi. Akachota kwa kikombe chake cha mwanzi, akanywa, akafumba macho.

"Unasemaje, mzee?" nikauliza.

"Hayana utamu."

"Mafuta hayana utamu, mzee."

"Basi ndiyo yenyewe."

"Na kiangazi yanatoka?" akauliza Gideoni, kwa sauti ya mtu asiyejali, huku ameukodolea mfereji macho.

"Si unayaona? Ulanzi hutoka masika, ukaisha. Haya kiangazi yapo. Yanaushinda ulanzi." Akageuka. "Yule Mzungu alisemaje hasa?"

"Alisema 'Hm'," Hulda akajibu.

"'Hm' ya namna gani? Fupi au ndefu?"

Gideoni ndiye aliyekuwapo siku ile, kwa hiyo akaombwa aiseme. Akasema, "Hmm." Nahumu akamtaka arudie. Akarudia, na kila akirudia ikawa ndefu kuliko ya kwanza, mpaka ng'ombe wa jirani akaitikia.

"Loo!" akasema Nahumu. "Hiyo ni 'Hm' ya mtu aliyeona mali akaificha. Thamani yake ni kinyungu hiki chote."

Gideoni akamshika dada yake mkono. "Dada, wewe peke yako utachimba wapi? Nipe mafuta, nikupe kinyungu."

Hulda akatazama mawingu. "Baba aliniachia mimi, Gideoni."

"Dada!"

"Na miti ya miwati ya ukingoni?"

"Chukua na miwati!"

Kuku akachinjwa, mzee wa kanisa akaomba, tukala wote, nami nikapewa firigisi kwa kazi niliyofanya. Wiki hiyohiyo Hulda akapanda viazi, mbegu ya Iwawa isiyoogopa baridi, mpaka kwenye mdomo wa mfereji. Gideoni akaja na sururu kuchimba mafuta yake.

"Unakanyaga viazi," Hulda akamwambia.

"Nitapita wapi sasa?"

"Mafuta ni yako, kaka. Njia tafuta."

Gideoni akangoja dada yake avune. Alipovuna akapanda maharage. Maharage yalipotoka viazi vikarudi. Gideoni akashindwa kuvumilia, akaenda bomani Njombe kuomba kibali cha kupita. Karani akamsikiliza mpaka mwisho, bila kucheka, na hilo lataka moyo. Kisha akamwambia kwamba madini yote ya chini ya ardhi ni mali ya serikali ya Malkia, na Nikodemo hakuwa na mamlaka ya kumrithisha mtu mali ya Malkia.

Gideoni akarudi anawaka. Akaita ukoo mzima: biashara ivunjwe, kinyungu kirudi. Na kikirudi, Hulda angebaki na nini? Na sanduku la bati, tena viazi vikiwa bado ardhini. Alisimama kando, ameshika jembe kwa mikono miwili. Wote wakanitazama mimi, mjomba wao.

Hapo ndipo niliposimama. Nikanyoosha kidole, radi ikapiga upande wa Makambako, nikanguruma: "Gideoni! Mafuta uliyopewa yako palepale, hakuna aliyeyahamisha! Kama Malkia anayataka, kagombane na Malkia, viazi uviache!" Gideoni akapiga magoti, wazee wakalia, Nahumu akavua kofia, nami nikabebwa juujuu kutoka bondeni mpaka kwenye mlango wa kanisa, ambako kengele ilikuwa inajipiga yenyewe na—

"Mjomba." Ni Hulda, kumbe yuko nyuma ya kiti changu na sufuria ya viazi, anasoma. "Maneno hayo niliyasema mimi. Wewe ulikuwa umejificha kwenye mianzi. Na Gideoni hakupiga magoti, aliomba mbegu ya viazi. Haya, anza kufuta hapo kwenye radi."