Mtoto Yesu Aliyevuka Ziwa

Mwaka ule Misa ya mkesha wa Noeli ilisogezwa hadi saa kumi na moja jioni kwa sababu za usalama. Vita ya Kongo ilikuwa imewamwaga watu ufukweni kwetu Kigoma, na wakubwa hawakutaka mikusanyiko ya usiku. Paroko alilitangaza jambo hilo bila kutabasamu, nasi tukakubali kwamba Mkombozi atazaliwa mapema, jua likiwa bado juu ya milima ya ng'ambo, ili watu wawahi kurudi majumbani.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Nyumbani kwetu mtu anayesubiri matokeo alihesabiwa kuwa mali ya parokia. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa pango la Noeli. Kila Majilio alilijenga upya kwa mifuko ya saruji iliyokunjwa na kupakwa majivu, akatandika nyasi zilizokatwa Bangwe, akapanga wachungaji wake kwa namna ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuisahihisha. Mtoto Yesu wetu alikuwa mdogo, urefu wa kiganja, na kidole chake kimoja kilikuwa kimeungwa kwa gundi ya fundi viatu. Mwaka mzima alilala kabatini kwetu, ndani ya foronya. Siku ya mkesha mama ndiye aliyembeba kutoka sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, hadi mikononi mwa Paroko, mbele ya waumini wote, na kwa dakika hizo chache hata wanawake waliokuwa hawaelewani naye walilazimika kupiga goti.

Mwanzoni mwa Majilio, Paroko alituletea mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkimbizi, aliyekuwa sakristi, mtunzaji wa vyombo vya ibada, katika parokia moja ya mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Mji ulipoanza kupigwa risasi, watu walibeba masufuria na magodoro. Yeye aliingia kanisani, akamtoa Mtoto Yesu wao kwenye sanduku, akamfunga mgongoni kwa kitenge na kukimbilia ziwani. Kwenye boti alipewa nafasi katikati, pamoja na akina mama wanaonyonyesha. Bandarini watu wema wakampa blanketi ya ziada na uji wa mtoto. Uji aliunywa mwenyewe, maana alikuwa na njaa. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba mtoto yule alikuwa wa plasta.

"Sikudanganya mtu, mama," alimweleza mama yangu kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Hawakuniuliza kama ni mtoto wa nani."

Kisha akafungua kitenge. Mtoto wao alikuwa mkubwa kama mtoto wa kweli wa miezi mitatu, mwenye macho ya kioo, mashavu ya waridi na vidole vyote kamili. Mama alivihesabu vidole kwa macho.

"Mzuri," alisema, kwa sauti aliyoitumia kusifia chakula cha harusi za watu wengine.

Siku chache baadaye Paroko alipita kunywa chai. Alizungukazunguka na habari za mvua na za paa la kigango, kisha akaweka kikombe chini.

"Mama mwenyekiti, mimi nafikiri mwaka huu tumlaze mgeni pangoni. Ingekuwa ishara nzuri kwa wenzetu."

"Baba Paroko," mama alijibu, "wageni nimewapokea. Huyu nimempa chumba cha binti yangu huyu hapa. Lakini hori ni moja."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Mama akasema ataliweka kwenye sala. Na kweli aliliweka. Novena ya Noeli ilisaliwa kwetu jioni baada ya jioni, jumuiya nzima imejaa sebuleni, na mama aliongoza nia kwa sauti inayotetemeka: kwa ajili ya wageni wote wasio na makazi, tuombe, ili wapate mioyo ya kuwapokea. Mgeni mwenyewe, aliyekaa mkekani karibu na mlango, aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Nia zikiisha, walikwenda wote wawili uani kuosha vikombe, wasiseme neno moja juu ya hori. Walibishana mambo mengine. Mgeni alipiga pasi vitambaa vya altare kwa kuvinyunyizia maji ya muhogo ili visimame. Mama akasema hayo ni ya Kongo. Kesho yake nilimkuta mama akichuja muhogo jikoni peke yake.

Asubuhi ya mkesha jirani yetu aliingia bila hodi. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa habari.

"Malori yako uwanjani," alisema. "Mgambo wanapita nyumba kwa nyumba, kila mkimbizi aliye mjini apelekwe kambini Kasulu leo hii. Wameshafika kwa fundi baiskeli."

Nilimtazama mama. Tangu siku ile ya chai alikuwa akitafuta njia ya kumzuia mtoto yule wa ng'ambo asifike kanisani, na sasa serikali ilikuwa imemletea njia hiyo mlangoni. Hakuonekana kuifikiria hata kidogo.

"Mfunge mgongoni," alimwambia mgeni. "Na usifungue mdomo. Ukisema neno moja tu watakujua."

Mgambo aliyeingia tulimfahamu vizuri. Aliimba besi katika kwaya yetu, na Jumapili nyingi alikula kwetu. Alisimama mlangoni na kirungu chake, akiwa na haya kama mtu aliyekuja kuposa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," mama akaitikia.

"Mama, kuna mgeni yeyote humu?"

"Kuna mdogo wangu, katoka Kalinzi kunisaidia kazi za Noeli. Sauti imemkauka, mafua."

Mgeni akainamisha kichwa kwa heshima. Alipoinama, kitenge kikapanda, na mguu wa mtoto ukachungulia ubavuni, mweupe wenye waridi. Kalinzi hutoa kahawa nzuri na maharage mazuri, lakini haijawahi kutoa mguu wa rangi ile. Mgambo aliutazama. Akanitazama mimi, kisha mama.

"Mtoto mtulivu," alisema.

"Amelala."

"Basi asiamshwe." Akarudi nyuma hatua moja. "Tutaonana Misani, mama."

Alipokwisha kupita, mama alikaa kitini, akajipepea kwa upande wa kanga. Bado njia ya kwenda kanisani ilikuwa imejaa mgambo wengine, ambao hawakuimba kwaya. Jirani yetu ndiye aliyepata ufumbuzi. Alikwenda kwake, akarudi na baibui.

"Vaa hili," alimwambia mgeni. "Wanajua wakimbizi wa Kongo ni watu wa kanisa. Leo hakuna atakayelisumbua baibui."

Mtoto hakukaa vizuri mgongoni chini ya baibui, kwa hiyo akahamishiwa mbele. Ndivyo tulivyotoka jioni ile kwenda kuadhimisha Noeli: mama yangu na kikapu chake, mimi na kitabu cha masomo, na katikati yetu sakristi Mkatoliki ndani ya baibui, mwenye tumbo la miezi ya mwisho. Penye njia panda askari mmoja aliwasukuma vijana waliokuwa wamesimama barabarani.

"Mpisheni mama huyo, hamuoni hali yake?"

Mgeni alijifungua sakristia, juu ya kabati la kanzu, huku Paroko ameugeukia ukuta mpaka aambiwe tayari. Mama naye akafungua kikapu, akamtoa wetu kwenye foronya. Watoto wawili wakalala kabatini ubavu kwa ubavu, na wetu alionekana kama aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Nje kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa kuingia. Paroko alijishughulisha na kufunga mshipi wa kanzu yake. Nadhani aliogopa kuliharibu jambo kwa kusema.

Mama akambeba mtoto wa ng'ambo.

"Nitamchukua mimi," alimwambia mgeni. "Wewe hutakiwi kuonekana."

Ilikuwa kweli, na ilimfaa pia. Alipita katikati ya kanisa na mtoto yule mkubwa kifuani, uso wake ukiwa wa mtu aliyemchagua mwenyewe. Minong'ono ya kustaajabu ikamfuata benchi kwa benchi. Baada ya Misa wanawake walimzunguka wakimpongeza kwa sanamu mpya, naye alipokea pongezi zote bila kumrudishia mwenye sanamu hata moja.

Lakini nilichokiona mimi peke yangu ni hiki. Baada ya kumkabidhi Paroko mtoto, mama hakurudi kwenye kiti chake cha mbele. Aliingia sakristia, nami nikamfuata kuchukua miwani ya msomaji wa pili. Mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo nyuma ya mlango, baibui limeshushwa mabegani, akisikiliza Utukufu kupitia tundu la ufunguo. Mama alimtwaa Mtoto wetu kabatini, akamweka mikononi mwake.

"Shika huyu," alisema. "Usikae mikono mitupu."

Akavuta sanduku la mishumaa, akakaa karibu naye. Walibaki hapo hadi mwisho wa Misa.

Mama aliungama uongo wa Kalinzi kwa Paroko, ambaye bila shaka alikuwa ameshaijua habari nzima. Malipizi yalikuwa mafupi mno, naye alilalamika kwamba mapadre wa siku hizi hawazichukulii dhambi kwa uzito.

Baada ya Epifania, mapema Januari, mgeni alipata habari kwamba dada yake yu hai, yuko kambini. Akaenda kwa hiari yake, kwa lori lile lile tulilokuwa tumemficha lisimchukue. Mama alimfungia muhogo, sabuni na pasi yetu ya mkaa. Mgeni alipanda na mtoto wake mgongoni, akasema, "Aksanti, dada," na mama akamwambia aache maneno, mvua itamlowesha.

Njiani kurudi mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Akaniambia barabara ya Kasulu ina vumbi sana. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.