Muleba, Mahari Yangu

Msinionee huruma, maana ningekuwa mmoja wenu ningecheka mpaka nishike mbavu, lakini jamani, kuna aibu ya kuteleza sokoni, ambayo jioni watu wameshaisahau, na kuna aibu ya kupigwa chapa gazetini, na jina lako kamili chini yake.

Shuleni kwetu Bukoba tulikuwa na Chama cha Waandishi. Waandishi! (Vijana kumi na wawili wenye wino mpaka puani.) Kila Jumamosi, baada ya kufyeka nyasi, tulikutana kwa Mwalimu Ezekieli, kila mmoja aeleze amefanikiwa nini na ameshindwa nini katika uandishi wake, na kwa kuwa Mhaya hawezi kutaja mafanikio yake akiwa ameketi, tulifuata desturi ya wazee wanaojisifu mbele ya Mkama, mfalme wetu, ile tunayoiita okwebuga: unasimama, unainua mkuki, unakanyaga ardhi, unataja ushujaa wako. Mkuki Mwalimu alitukatalia. Tulipewa mpini wa ufagio.

Na mashujaa wenyewe sasa! Mmoja alitikisa ufagio akatangaza kwamba amemaliza utenzi wa beti tisini juu ya kahawa (nilisikia beti nne tu, nikaiombea mibuni ugonjwa). Mwingine alilia kamasi kwa sababu hadithi yake imerudishwa na gazeti la Dar es Salaam. Niliwadharau wote, nikaapa kwamba atakayeanza kuchapwa ni mimi, Elia, na siku hiyo watanishikia kofia.

Basi nikatunga shairi la kumsifu bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea kule Muleba. Kabla sijalipeleka posta, Yona, rafiki yangu aliyekulia Tanga kwa baba yake mkubwa, akaninyooshea mkono.

"Lete nilipitishie macho."

"Macho yako yapitishe kwenye insha yako iliyopata alama sita."

"Elia, wewe l na r zinakuchenga."

"Lamba bahasha, bwana, ndiyo kazi unayoiweza."

Akailamba, masikini. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniua. Kwa Kihaya l na r ni watoto wa tumbo moja, ukimwita huyu anaitika yule, na mimi, bingwa wa kuwacheka wenzangu, nilikuwa nimeandika hivi: *Muleba mahari pangu, nilipopaacha mimi.* Nilikusudia mahali.

Mhariri huko Dar es Salaam (Mungu amlipe anachostahili) akaona mahari, akaona pangu, akajisemea kwamba huyu mtoto wa bara sarufi imemshinda, ngoja nimsaidie. Akanisaidia! Meli ikaleta gazeti, na mimi nikaliona jina langu tu. Ubeti wenyewe sikuusoma. Nani anasoma shairi alilolitunga mwenyewe? Nilizunguka nalo mtaa mzima wa Bakoba nikiwaonyesha hata watu wasiojua kusoma, hasa hao, maana hao husifu bila maswali.

Wiki ile kulikuwa na siku ya wazazi. Mwalimu akaniambia nijisifu mbele ya wote. Tata, baba yangu, alikuja kwa miguu kutoka kwetu Nyanga na kanzu yake ya kanisani, akakaa safu ya mbele karibu na Mchungaji, mkuu wa shule, mtu ambaye sheria yake mojawapo ilijulikana hata na mbuzi wa misheni: mwanafunzi akioa, masomo yake yameisha siku hiyohiyo.

Nikainua ufagio. Nikakanyaga ardhi, vumbi likamwingia Mwalimu machoni. Nikasoma kwa sauti ya kuitisha ng'ombe:

*Muleba mahari yangu, niliyoiacha mimi,*
*Ningoje we bibi yangu, sitakwenda kwingine mi!*

Mnaelewa? Bibi mzaa baba hakuwamo tena. Aliyebaki ni bibi wa kuolewa, mahari imeshaachwa kwao, anangoja bwana harusi. Nami ulimi wangu wa Kihaya ulipita juu ya maneno yale bila kuhisi hata jiwe.

Karani mmoja wa bandarini, mtu wa Pangani, ndiye aliyeanza kucheka, akateleza benchini. Mchungaji hakucheka.

"Elia, umeoa?"

"Hapana, waitu!" nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Umeacha mahari Muleba?"

"Ndiyo, waitu, mahari pazuri sana, pana migomba..."

Mawe, yaani mama wee! Tata akasimama. "Mahari? Ya nani? Nani alinishirikisha?" Wazazi wakaanza kunong'onezana binti ni wa ukoo gani. Mchungaji akamwambia Mwalimu alete daftari la majina, akafungua kalamu, nami nikaona jina langu linakwenda kukatwa, na maisha yangu yote yanageuka kuchuma kahawa.

Yona akanyoosha mkono. "Samahani, Mchungaji. Huyu hajaoa. Hajui kuandika tu. Mpeni ubao."

Nikapewa chaki. Mchungaji akasema taratibu, "Andika: hapa ni mahali pangu."

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: *Hapa ni mahari pangu.* Nikageuka nikisubiri pongezi.

Karani akalazimika kutolewa nje. Mchungaji akafunga kalamu yake, akasema mbele ya wazazi wote, "Huyu abaki. Anaihitaji shule kuliko mwingine yeyote." Watu wakapiga makofi! Ndugu zangu, nimepigiwa makofi kwa ujinga, na nikainamisha kichwa kushukuru.

Tulirudi Nyanga na Tata, na tulipofika kwenye kisima akasema kwa Kihaya, pole pole, kama mtu anayetoa rambirambi:

"Mwanangu, bora ungekuwa umeoa."

Sasa siandiki kitu, hata barua ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni, bila Yona kukipitia, na yeye hunilambisha bahasha moja kwa kila kosa. Mpaka leo ulimi wangu una ladha ya gundi.