Seli za Mapafu Zilizoitwa Maiti

Juzi nilikuwa Tunduma, nimekwama nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, simu ikaita: dada mmoja wa kijiji cha Ibaba niliyesoma naye chuo kikuu amefariki, kaugua siku chache tu. Mnaonisoma mnajua siamini kitu bila kukihoji. Hata simu ile niliihoji, nikapiga kwao. Ilikuwa kweli. Alikuwa mtafiti wa seli za kinga, zile zinazomeza seli zetu zilizokufa zisije zikaoza ndani na kutuumiza.

Mwaka wake wa mwisho chuoni alitoa seli hizo tumboni na mapafuni mwa panya, akazipa seli zilizokufa. Za tumboni zilimeza kwa pupa. Za mapafuni zilikaa tu. Msimamizi wake akachungulia kwenye hadubini. "Binti, hizi nazo ni maiti. Mwaga." Kumwaga kulikuwa kuupoteza utafiti wote, muda wa kuanza upya haukuwepo. Dada akakataa. Nikamwuliza anang'ang'ania nini.

"Mbishi wewe, unachosha!" akacheka. "Kwetu msibani kuna wachimba kaburi na kuna wachota maji. Ukimkuta mchota maji hana jembe, utasema kaja kula tu?"

"Maabara si msiba, dada."

"Haya, tuzipime. Mapafu yanaingiza nini kutwa? Vumbi. Tuzipe masizi."

Kesho yake akanivuta hadi kwenye hadubini. Seli zilezile zilikuwa zimejaa weusi, zimemeza masizi hadi zimevimba.

"Sema basi, mbishi."

Nikachungulia mara ya pili, mimi! Msimamizi naye alichungulia, akakaa kwenye stuli, akasema neno moja: "Andika."

Mpaka leo jambo hilo linanishangaza. Seli za ukoo mmoja, na kila kiungo kimezipa kazi yake, wala hakuna aliyesimama kuzielekeza. Sisi, tangu milango ya biashara ifunguliwe, tuna kipimo kimoja: anayevusha mizigo mpakani ndiye mchapakazi, na aliyebaki na shamba lake la kahawa Mbozi tunamwita aliyelala. Nimewasikia wasomi wenzangu wakisema hivyo, nami sikuwahi kuwauliza wamepima kwa kipimo gani.

Dada huyo hakuwa na ushahidi siku ile alipoambiwa amwage. Alikataa tu kukiita kitu maiti kabla hajakipa kazi yake. Nami, mbishi wa kila kitu, hilo nimelikubali.