Mkono Ambao Hakuutoa

Jumapili hiyo nilitoka kanisani mapema kuliko adabu inavyoruhusu, kwa sababu msichana wetu alikuwa anacheza raundi ya nne. Msichana wetu hakuwa wetu hata kidogo. Alitoka nchi ambayo mama hakuwahi kuisikia, lakini tangu mama avunjike nyonga na kuhamia kwangu hapa Karurumo, tulimfuata kwenye televisheni kutoka mashindano hadi mashindano. Mimi tenisi nilianza kuipenda nikiwa chuo cha ualimu, ambako palikuwa na uwanja mmoja wa saruji wenye nyufa. Mama alinikuta nayo, akaishika kwa nguvu kunishinda.

Uwanja siku hiyo ulikuwa wa udongo mwekundu kama wetu. Mpinzani alikuwa mwenyeji, kipenzi cha watazamaji, na watazamaji wale walinikera tangu mwanzo. Msichana wetu akianzisha mpira ukagonga wavu, walipiga makofi. Watu wazima, wenye kofia nzuri, wanashangilia kosa la mtu! Hata hivyo akashinda seti ya kwanza. Papo hapo mpinzani akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akakaa huko mpaka msichana wetu akapoa, akirukaruka peke yake uwanjani.

"Huyu akipigwa tu anashikwa na haja?" mama akauliza.

"Ni ujanja, Mama! Na refa anaangalia tu!"

Aliporudi akachukua seti ya pili. Ya tatu ilipofika katikati, stima ikapotea. Nilitoa maneno ambayo Jumapili haikuyastahili. Mama alikuwa ameshashika mkongojo. Ng'ambo ya barabara kuna hoteli yenye jenereta, tukavuka.

Ndani, wanaume wachache walikuwa wakitazama marudio ya mechi ya soka ya jana yake, ambayo matokeo yake waliyajua wote. Nikamwomba mwenye hoteli abadilishe.

"Na hawa wateja, madam?"

"Hata sisi ni wateja. Leta chai mbili na mandazi."

Mmoja akacheka. "Muwekee tu. Si hiyo ni mchezo ya kuangalia sketi?"

Nikamsogelea mpaka akaacha kutafuna. "Mamangu huyu hapa. Mgeukie umwambie yeye hayo maneno."

Hakugeuka. Mwenye hoteli akabadilisha haraka, nadhani kwa hofu kuliko kwa hisani.

Tukakuta msichana wetu amebakisha pointi moja ashinde. Akapiga mpira mrefu, ukatua pembeni kabisa, juu ya mstari. Mwamuzi wa mstari akapaza sauti kwamba umetoka nje. Msichana wetu akaonyesha alama ya mpira kwenye udongo. Refa akashuka kitini, akatembea, akainama, akanyooshea kidole alama nyingine kabisa, ya nje ya mstari.

"Ai, si hiyo!" akalia hata yule wa sketi.

Refa akarudi kitini kama mtu aliyemaliza kazi. Baada ya hapo mkono wa msichana wetu ukawa mzito, akapoteza kila kitu. Mwishoni alimsalimu mpinzani, kisha akapita mbele ya refa bila kumpa mkono. Uwanja mzima ukamzomea.

"Vizuri sana!" Nilipiga meza, chai ikamwagika.

"Si vizuri," mama akasema. "Angempa."

Sikuamini. Tulibishana tukivuka barabara, tukabishana mlangoni, na jikoni nikamgeukia kwa sauti ambayo siitumii kwa mama. "Kwa hivyo mtu akuibie mchana, watu wakiona, halafu umsalimu?"

Mama aliketi kwa shida, akanyoosha mguu. "Mimi sikumsalimu," akasema.

"Nani?"

"Mwalimu wangu. Nilikuwa naandika kwa kushoto. Akaupiga mkono huu kwa rula mpaka ukavimba, kisha akataka niseme asante mwalimu, mbele ya wengine. Nikakataa. Nikaenda nyumbani, sikurudi."

Maisha yangu yote niliambiwa mama aliacha shule kwa kukosa karo. Nimesimama mbele ya madarasa mangapi nikiamini hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikosa masomo kwa sababu ya asante?"

Nilitaka jina la huyo mwalimu. Nilitaka kijiji chake, nyumba yake, watoto wake.

"Alishakufa," mama akasema. "Mazishi tulienda. Mimi ndiye niliyepika chai."

"Ulimpikia yule?"

"Niliwapikia watu."

Akauliza kama stima imerudi, kwa maana kulikuwa na mechi nyingine. Ilikuwa imerudi. Nikamwashia, lakini kuketi sikuweza. Nilitoka nje na nguo zangu za kanisa, nikachukua jembe, nikapalilia mahindi yaliyokuwa yamepaliliwa tayari, huku nikimsikia mama ndani akimfokea refa mwingine.