Magunia Chini ya Kitanda

Zamani, kazi ya Mama Germaine ilijulikana kwa harufu. Ukipita asubuhi nyuma ya nyumba ya Papa Kataliko, pale Makiso, mjini Kisangani, ulinusa sabuni ya mawese na mvuke wa sufuria kubwa, na juu ya ukuta uliona vitambaa vyeupe vya mtoto vinapepea kwenye kamba. Mchana alivipiga pasi ya makaa, pande zote mbili mpaka kwenye pindo, kwa sababu inzi hutaga mayai katika nguo mbichi na funza huingia katika ngozi ya mtoto. Watoto wanne wa nyumba ile walikulia katika vitambaa hivyo. Hakuna aliyewahi kutobolewa na funza.

Kataliko na mkewe Kahambu walikuwa wafanyabiashara waliotoka Butembo. Waliuza kwa jumla sukari, mchele, betri na sabuni. Fedha walizompa Mama Germaine hazikuwa nyingi, lakini walimpa chumba nyuma ya nyumba, kilichokuwa stoo ya makaa. Kilikuwa kidogo, kikavu, na mlango wake ulifungwa kwa ndani. Chumba hicho ndicho kilikuwa mshahara wenyewe. Yeye alikuwa mjane wa watu wa mto, na huko kwao Yanonge alibakiwa na kaka mmoja tu, René, mwenye nyumba iliyojaa watoto na mke ambaye hakumpenda. Mama Germaine hakuwa anaomba makubwa. Alitaka kuzeekea na kufia nyuma ya mlango ule anaoufunga mwenyewe.

Kisha akazaliwa Élie, wakati Kahambu mwenyewe alidhani uzazi wake umekwisha. Mwaka huohuo duka lao lilianza kuuza nepi za kutupa, zile wanazoziita couche, makatoni kwa makatoni. Kahambu alimkalisha Élie juu ya meza ya duka, mkavu na mwenye kucheka, na akina mama walionunua moja moja wakaanza kununua pakiti nzima.

"Mama Germaine, sasa utapumuzika," Kahambu alimwambia. "Huyu hatavaa bitambaa."

"Nipumuzike ya nini, mama? Miye sijazeeka."

"Uko na mvi mpaka mu nyusi, unasema haujazeeka." Kahambu akacheka, akaenda dukani.

Aliyesema waziwazi alikuwa Liévin, kifungua mimba, aliyekuwa anasoma chuo kikuu na kumsaidia baba yake siku ambazo hakukuwa na masomo. Alisimama uani akiangalia dari ya chumba cha nyuma. "Makatoni inaloa kule dépôt," alimwambia mama yake juu ya ghala la duka, na Mama Germaine yuko palepale, ndoo mkononi. "Hii chumba iko kavu. Na yeye sasa anafanya nini?"

Mama Germaine akaweka ndoo chini. "Na zile couche zenye mutoto amechafua," aliuliza, "nani atatupa?"

Hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Zile chache ambazo mlinzi alizitupa chooni zilivimba na kuziba shimo, na Papa Kataliko alikasirika siku nzima. Kuzizika haikuwezekana, maana ua wote ulikuwa umemwagwa saruji kwa ajili ya malori. Vijana wa mkokoteni walikuwa wanachukua takataka na kuzimwaga kijitoni nyuma ya mtaa.

"Choma," Liévin alisema. "Petroli kidogo, kibiriti, bon, imekwisha."

"Mavi ya mutoto haichomwake," Mama Germaine alijibu. "Ukichoma, moto unamufuata mutoto mu mwili."

Liévin alicheka mpaka akashika tumbo. "Papa analipa université, halafu haya tunayasikia kwetu."

Kahambu hakucheka. Alikuwa mtu wa kanisa, hakosi misa, lakini mama yake mzazi kule Butembo alikuwa amemwambia maneno yaleyale. "Usichome," alimwambia Mama Germaine. "Tupa. Wapi, mimi sitaki kujua."

Hivyo chumba kikabaki chake kwa wakati ule. Kila asubuhi alijitwika beseni lililofunikwa kwa jani la mgomba, akashuka kijitoni. Hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulinunua couche na mtaa mzima uliogopa kuzichoma, kwa hiyo kingo za kijito zilikuwa zimejaa uvimbe mweupe, na kila mvua ilipopiga, uvimbe ule ulisogea chini, mahali ambapo akina mama wa kwanga, ile mikate ya mihogo ya kufunga majanini, waliloweka mihogo yao.

Siku moja walimngojea. Aliyewaongoza aliitwa Annette, mpika kwanga hodari, mwenye mikono mipana na ulimi mkali kupita mikono. Alikuwa ameinua kitu kwa ncha ya fimbo, kimevimba, kinadondoka maji.

"Hii ilikuwa mu mihogo yangu," alisema. "Ni yako?"

"Haiko yangu. Miye siko na mutoto."

"Hauko na mutoto, lakini uko na mavi."

Akina mama wakacheka. Mmoja akaita, "Mama Mavi," na jina likamganda papo hapo. Annette akalivuta beseni kichwani mwa Mama Germaine na kulimwaga miguuni pake.

"Ingia mu maji, okota. Yako na ya bangine bote."

"Ya bangine miye siijue, Mama Annette."

"Utaijua."

Akaingia na kanga yake. Maji yalimfika kiunoni. Wao walikaa ukingoni kwenye vikapu vilivyopinduliwa, wakimenya mihogo, wakimwelekeza. "Ile kule, Mama Mavi, usiiache, inakuita." "Geuka, ingine iko nyuma, inakupenda." Alipoinama, walinyamaza ili waone kama ataanguka. Alipotoka, Annette alimrudishia beseni, limejaa kuliko alivyolileta.

"Ukirudia tena," alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "tutakuvalisha."

Hakurudi kijitoni. Wala hakusema neno nyumbani, maana akisema kazi imemshinda, chumba kingekuwa cha makatoni siku ileile. Alitafuta magunia ya mchele pale dukani, akazijaza zile couche ndani, akanyunyiza majivu, akashona midomo ya magunia kwa kamba, akayasukuma chini ya kitanda chake. Kulikuwa na mtu wa Yanonge mwenye shamba kwenye barabara ya Bangboka, iendayo uwanja wa ndege. Huyo alikuwa amekubali zizikwe kwake, mradi zifike. Mama Germaine alimwita kijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, ampelekee. Kijana akaegemeza gunia la kwanza kwenye kiti cha abiria, akasikia harufu, akalishusha.

"Mama, huyu mutu alikufa lini?" aliuliza, akaondoka zake.

Wa pili alikataa vilevile. Mama Germaine akaendelea kungoja atokee mwenye pua ngumu, na magunia yakaongezeka. Kitanda kilianza kuinuka upande mmoja. Alilala amejifunga kitambaa puani. Mtu anayetaka kubaki mahali huzoea.

Wakati huohuo Élie aliota upele mapajani. Kahambu alikuwa anakwenda dukani mapema pamoja na mtoto na kurudi jioni, na aliambiwa na maandishi ya katoni kwamba couche moja hudumu saa kumi na mbili. Aliyaamini maandishi hayo kwa sababu ndiyo aliyoyauza. Mtoto alivalishwa asubuhi, akavuliwa jioni. Kwa nje alikuwa mkavu. Kwa ndani ngozi ilibabuka, ikawa nyekundu, ikatoa maji.

"Iko kama ya moto," Kahambu alisema, akimtazama mtoto kwa taa ya simu. "Kama mutu amemuunguza." Akamwita Mama Germaine. "Unachomaka?"

"Hapana, mama. Hata moja."

"Alors unatupa wapi?"

"Ulisema hautaki kujua."

Jibu hilo halikumpendeza. Kesho yake, Mama Germaine akiwa kisimani, Liévin aliingia katika chumba cha nyuma na futi ya kupimia, ili ajue makatoni mangapi yataenea. Alitaka kusogeza kitanda. Kitanda hakikusogea.

Mama Germaine aliporudi, magunia yote yalikuwa uani, moja limepasuliwa. Majirani walikuwa wameingia kwa lango lililoachwa wazi. Papa Kataliko alikuwa amesafiri. Kahambu alisimama barazani na Élie mgongoni.

"Unachunga mavi ya mutoto wangu chini ya kitanda," alisema. "Unalala juu yake."

"Mama, nilikosa pa kutupa. Bamama ya kwanga walinikataza mu maji. Nilikuwa natafuta mutu wa kupeleka Bangboka."

"Bangboka," jirani mmoja akasema. "Anataka kuituma na ndege."

Wakacheka, lakini kicheko kile hakikumaliza neno lililokuwa limekwisha kutajwa pale langoni kabla hajafika. Bibi, mjane, asiye na mtoto, anaficha uchafu wa mtoto wa watu, na mtoto anababuka. Neno hilo halihitaji kusemwa mara mbili.

Liévin hakuliamini. Hakuwa anaamini lolote katika mambo hayo. Lakini watu walikuwa wengi, naye alipenda watu wakimsikiliza. "Bon," alisema. "Iko simple. Kama haulogi, choma. Hapa, mbele ya batu. Ukichoma, unabakia mu chumba yako, minasema mbele ya bote. Ukikataa, tutajua ulikuwa unachunga ya nini."

Mama Germaine akamwangalia Kahambu. Kahambu angeweza kusema usichome, kama alivyosema mwanzo. Alikaza tu kanga iliyomshika mtoto. Naye pia alitaka kuona.

Mama Germaine aliutazama mlango wa chumba chake, ulioachwa wazi na watu wengine. Alijua anachoamini. Alikuwa amekiamini tangu utotoni, na kwa ajili yake alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni na kulala na uvundo. Kisha akaomba kibiriti.

Nepi hazikushika moto upesi. Liévin alimwaga petroli, kisha petroli nyingine. Ute uliokuwa ndani ya nepi ulichemka na kuvuma, plastiki ikayeyuka ikidondoka na moto wake, na moshi mweusi ukalala uani badala ya kupanda. Naomie, dada wa kazi, akamchukua mtoto mgongoni kwa mama yake ili ambadilishe ndani, mbali na moshi. Alipovuta couche, mpira wa mapajani ukatoka na ngozi. Élie akapiga ukelele ambao kila mtu uani aliusikia.

"Zima," Kahambu alisema.

Haukuzimika. Walimwaga maji, moto ukaelea juu ya maji.

Kahambu alimsogelea Mama Germaine mpaka karibu kabisa. Hakupaza sauti. "Umemuchoma."

"Ni Liévin amesema, mama. Bote wamesikia."

"Liévin haaminiake. Weye unaamini. Ulijua, na umechoma."

Neno hilo lilikuwa kweli, na Mama Germaine akaingia chumbani kukusanya vitu vyake.

Aliondoka kabla jua halijashuka, na furushi moja. Liévin, alipoulizwa na mlinzi juu ya ahadi yake, alisema mama yake ameamua, yeye afanye nini.

Muuguzi aliyemwona Élie kesho yake alisema mtoto aachwe uchi mchana, apakwe dawa, abadilishwe mara kwa mara. Akapona kabla pakiti moja ya nepi haijaisha. Akarudi juu ya meza ya duka. Chumba cha nyuma kilioshwa kwa dawa, kikajazwa makatoni mpaka darini, na nepi chafu mlinzi alizirusha kijitoni juu ya ukuta. Hakuna aliyekumbuka kutuma habari Yanonge.

Huko Yanonge, Mama Germaine alikubaliwa kulala jikoni kwa René. Mke wa René alikuwa na mtoto mchanga na alitegemea kupata msaada wa kumwosha. Mama Germaine aliteka maji, akayapasha, akayaweka karibu na mama wa mtoto, akaenda kukaa mbali, mkono wake usije ukamgusa mtoto. Kila René alipopanda Kisangani na samaki wa moshi, dada yake alimwomba apite dukani kwa Kataliko amwangalie Élie.

"Iko muzima," René alisema aliporudi mara ya kwanza.

"Amevaa nini?"

René akafikiri. "Shati."

"Ya rangi gani, yaya?" Ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa.

René akajua amekamatwa. Hakuwa amepita. Jambo hilo lilimsumbua, kwa sababu hakuwa mtu mgumu, na safari iliyofuata alipita kweli. Akamwona Élie juu ya meza, mnene, anatafuna biskuti, anapiga katoni kwa mguu. Hata alimgusa shavu. Akarudi na haraka ya mtu mwenye zawadi, akamweleza dada yake yote, biskuti, mguu, shavu.

Mama Germaine alimsikiliza mpaka mwisho. Safari hii hakuuliza rangi ya shati; aliona ni uongo wa huruma tu, uliopangwa vizuri zaidi.

"Asante, yaya," alisema. "Uko na roho muzuri." Akageukia moto wake, na boti iliyofuata kutoka Kisangani ilipotia nanga, alikuwa amekwisha kushuka ukingoni mwa mto kuwauliza wageni kama kuna mtu aliyesikia msiba Makiso, kwa Kataliko, wa mtoto mdogo.