Msomaji wa Barua za Garrahy

Saa tatu asubuhi, Genoveva Rwegasira anamkalisha Profesa Eileen Tierney karibu na dirisha la sebule yake, Takoma Park, anamwekea mto mgongoni, kisha anavaa miwani.

"Dada mpendwa," anasoma kutoka kitabu kinene, "mafua yako yanaendeleaje?"

Halafu ananyamaza. Anamtazama bibi huyo na kusubiri. Midomo ya Profesa inahangaika.

"Yame... yamepoa."

"Tunashukuru," anajibu Genoveva, na kuendelea kusoma.

Anayeuliza habari za mafua ni Fintan Garrahy, mwandishi wa riwaya wa Ireland aliyefia Lisbon zamani. Aliondoka kwao akiwa kijana, na maisha yake yote alimwandikia dada yake. Majibu ya dada hayakupatikana kamwe. Profesa Tierney alizikusanya barua za kaka, akazihariri na kuzifundisha chuoni kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi kiharusi kilipomnyang'anya maneno majira ya baridi yaliyopita.

Genoveva, mama wa watoto wawili anayeishi Hyattsville, ndiye mhudumu wake wa nyumbani. Hupanda mabasi mawili kufika kazini. Alijaribu kwanza kumsomea riwaya za Garrahy, zilizojipatia sifa kwa kuandika mawazo ya mtu yanavyopita kichwani, bila nukta.

"Nilishindwa," anasema akicheka. "Mtu anachemsha yai kurasa kumi! Nikasema, baba, mimi nina kazi. Lakini barua ni za mtu aliyekumbuka nyumbani. Hizo nazijua."

Anazijua tangu Kanyigo, Bukoba, alikozaliwa. Akiwa darasa la nne alikuwa akimsomea bibi yake barua za mjomba aliyehamia Mwanza. Bibi hakuruhusu msomaji avuke salamu kabla yeye hajaijibu kwa sauti, kama vile mjomba amekaa mkekani.

"Ukiunganisha tu bila kumngoja, unapigwa upawa," anakumbuka Genoveva.

Hivyo, siku ya kwanza ya barua, alipofika pale Garrahy anapouliza kama mvua imekoma, alinyamaza kwa mazoea. Hakuwa na mpango wowote wa tiba.

"Bado," Profesa akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu atoke hospitali.

Mume wa Genoveva, Laurean, aliposimuliwa alimtania: "Kwa hiyo mama watoto siku hizi mnasalimiana na marehemu? Mfikishie na zangu."

Kwa Profesa hapakuwa na utani. Binti yake, Deirdre, anayeishi Germantown, alikuwa ameshamtafutia nafasi katika makao ya wazee. Alihofu kwamba mama asiyeweza kusema anaumwa wapi hawezi kuachwa nyumbani kwake. Profesa, kila makao yale yalipotajwa, aligeuzia uso ukutani.

Deirdre alikuja kusikiliza. Mama akajibu salamu zote za barua.

"Vizuri, Genoveva," binti akasema taratibu, "lakini anamjibu Garrahy. Mimi je?"

Genoveva alikwenda jikoni kuficha machozi. Tangu siku hiyo alianza kuuliza maswali yake mwenyewe kwa mtindo uleule: anauliza, anasubiri, hata chai ikipoa.

"Kungoja ndiyo kazi. Ulimi unakuwasha umsaidie."

Mwezi Machi, Deirdre alipokuja kupanga siku ya kuhama, aliinama akamwuliza mama yake amelalaje. Alitaka kuongeza neno, Genoveva akamshika mkono. Wakasubiri.

"Goti," Profesa akasema. "Linauma. Na wewe... umekonda."

Deirdre alimkumbatia akalia. Nafasi ile kwenye makao akapewa mtu mwingine. Profesa bado ana maneno machache, ila anayatumia nyumbani kwake.

Septemba, Genoveva ataanza kozi ya jioni ya wasaidizi wa tiba ya usemi. Kwa sasa, baada ya ibada, humtembelea Mzee Liévin, Mkongo wa Uvira wanayesali naye, ambaye hajasema tangu apate kiharusi. Humsomea ujumbe ambao mdogo wake hutuma kwa simu.

"Jumapili nilisoma, 'Kaka, mulilala muzuri?' Nikanyamaza. Wajukuu wakaanza kumjibia kwa Kiingereza. Nikawaambia, nyie hamkuulizwa!" Anacheka, kisha anavua miwani. "Hakusema kitu. Lakini alinitazama mpaka nikavaa koti. Nitarudi nimwulize tena."