Mashahidi wa Saketi Yangu

Mashine za kamari kwenye baa za Lumbadzi zilikuwa na ugonjwa mmoja ulioniudhi kuliko kamari yenyewe. Mtu anatumbukiza sarafu zake, anashinda, mara umeme unakatika. Ukirudi, mashine imesahau kila kitu, na mchezaji anamkaba mwenye baa. Mimi ndiye fundi niliyekuwa naitwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda kubadilisha vioo vilivyopasuliwa kwa hasira hizo. Nilisomea elektroniki Bukavu, jamani, sikusomea vioo.

Basi nikaunda saketi ndogo, inatosha kiganjani, inayohisi umeme unapoanza kulegea na kuihifadhi hesabu ya mchezaji kabla mashine haijazimika. Vipande nilivitoa kwenye redio mbovu. Mke wangu alisema nyumba imekuwa jalala, na hakukosea. Siku ilipofanya kazi nilicheka peke yangu kama chizi.

Nikaamua kuiombea breve, ile karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wako na asiuige mtu bila ruhusa yako. Faida ningeipenda, nani haipendi? Lakini kambini mi ni namba kwenye kadi ya mgao. Nilitaka kitu kimoja kiandikwe kwa jina langu, nilikitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Sasa, sisi wakimbizi makaratasi yetu yalibaki nyuma. Diploma, ndoa, hata umri wa mtoto, tunathibitisha kwa mashahidi. Unaenda na wazee wawili, wanasema tunamjua huyu, mambo yanaisha. Kwa hiyo nilijipanga mapema. Jumapili, kwenye saa ya ushuhuda, nilisimama kanisani na saketi mkononi, nikachora ubaoni kila waya unakwenda wapi. Mchungaji alikunja uso aliposikia kamari. Nilipomwambia inazuia watu kudhulumiwa, akaiwekea mikono na kuiombea.

Wiki hiyo nikaenda Lilongwe na wazee wawili wa kanisa, wamevaa suti, ofisini kwa mama mmoja mpole anayepokea maombi ya uvumbuzi. Aliongea Kiingereza. Wazee wangu, ukitoa zikomo, ile asante ya wenyeji, walikuwa na Kiswahili tu, hivyo mkalimani nilikuwa mimi mwenyewe.

Mama aliuliza wazee hawa wamefuata nini. Mmoja wao, aliyekuwa mwalimu Uvira, akasimama kabisa.

"Hii kitu njo yake," alisema. "Alituelezea yote mu kanisa, waya moja moja. Hata mi naweza kukuchorea."

Nikatafsiri kichwa kimenivimba. Mama akamsogezea karatasi. Mzee akachora polepole, ulimi nje, na mchoro ukatoka sawasawa.

"Siku hiyo kanisani kulikuwa na watu wengi?" mama akauliza.

"Kanisa nzima," mzee akajibu. "Na bengine ku madirisha."

Nikatafsiri hilo pia, tena kwa sauti. Mama akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba breve hupewa kitu ambacho bado ni kipya, ambacho hakijafunuliwa mbele ya watu. Ningekuja kwake kwanza, kanisani baadaye. Alisema hana shaka hata kidogo kwamba saketi ni yangu, ila sasa hawezi kuiandikisha. Alisikitika kweli, nilimwona. Mimi masikio yalikuwa yanawaka, nikatamani kuurarua ule mchoro.

Wazee walikuwa wananitazama, wanangoja niwape Kiswahili chake. Nikawaambia tumemaliza, twendeni.

Nje, kwenye ngazi, yule mwalimu alinyoosha koti lake na kunishika mkono. Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha.

"Tulisema muzuri?" aliniuliza.

Hasira nilikuwa nayo, ila sikuwa na mtu wa kumtupia.

"Mulisema muzuri, papa," nikamjibu. "Ameamini kila kitu."